Moto wa Kwanza wa Pipa

Harufu ya rangi inayoungua juu ya chuma haitoki puani upesi. Ni kali, ina utamu wa mbali, na hukwama nyuma ya koo kama bibo bichi. Nikiisikia leo huacha nilichokuwa nikisema, na Temeke ya utoto wangu inarudi: nyumba za udongo zilizoezekwa makuti, mchanga uliokuwa mweusi kwa majivu nyuma ya jiko letu, na Mama ameinama juu ya shimo la kubanikia samaki, pua ameiziba kwa ncha ya kanga, machozi yanamchuruzika. Waingereza walikuwa bado wanatawala, nami nilikuwa nimeanza kung'oka meno ya utoto.

Mama alinunua vibua kwa wavuvi wa Mtoni, akavibanika kwa moshi wa makumbi ya nazi, na kuviuza jioni kwa watu waliorudi kutoka kazi za bandarini. Wazazi wangu walitoka kusini, sehemu za Lindi. Baba alifariki kabla mdogo wangu Salumu hajajua kutambaa, kwa hiyo lile shimo ndilo lililotulea. Lakini moshi ulikuwa ukimla macho. Kila asubuhi yaliamka yameshikamana kwa tongo, ikanibidi niyaoshe kwa maji ya vuguvugu ndipo anione. Shimo lenyewe nalo, mvua ikinyesha, lilijaa maji na samaki wakaharibika. Ndipo Mjomba Athumani, kaka yake Mama, aliyekuwa kuli bandarini, akatuletea pipa jipya la chuma. Alikuja akiliviringisha barabarani, watoto wa mtaa wakimfuata kama anayeleta ngoma. Mfuniko alikuwa amekwisha kuukata kwa patasi. Kilichobaki ni kutoboa matundu ya hewa, kuweka kichanja cha waya ndani na kufunika kwa gunia bichi. Moshi ungebaki na samaki, na macho ya Mama yangepumzika.

Kwa nje lilikuwa jeusi. Kwa ndani lilipakwa rangi ya manjano, laini, inayong'aa kama sahani ya kigeni. Salumu aliingiza kichwa, akaita jina lake mwenyewe, na pipa likamwitikia. Akacheka mpaka akapaliwa. Jirani yetu Bi Mwajuma hakuvutiwa. Aliinama, akanusa, akasema, "Shoga, pipa lako linanuka ofisi ya Mzungu." Mama akacheka naye. Mjomba akasema hiyo ndiyo harufu ya upya, na kipya kinyemi ingawa kidonda. Nimeichukia methali hiyo tangu siku zile. Watu huitamka kwa furaha ya maneno yake ya mwanzo, na hakuna anayesimama kwenye neno la mwisho.

Mama alijua kuandaa chombo kipya kama alivyofundishwa na mama yake. Chungu kipya hakipelekewi moto mkali, kitapasuka. Hupakwa machicha ya nazi ndani na nje, huwekewa moto mdogo wa makumbi, huachwa kizoee joto polepole mpaka kiache kunuka udongo. Hivyo ndivyo alivyolifanyia pipa. Nilimsaidia kulisugua machicha mpaka mikono ikatuteleza. Moto ukawashwa, mdogo, wa adabu, na Mama alipoona nimeongeza makumbi aliyatoa akaniambia nisikiharakishe chombo. Mchana ile rangi ya manjano ilikuwa imefura malengelenge hapa na pale, lakini haikutoka. Mama alipitisha kidole, akaona haimshiki, akaridhika.

Kwetu, chakula cha kwanza cha chombo kipya hakiuzwi. Huliwa na watoto wa nyumba, kwa kuwa wao hawana kinyongo na mtu, na baraka zao hubaki ndani ya chombo. Mama alibanika vibua vichache, akatusongea ugali wa muhogo, akamwita Salumu kwanza kwa sababu ndiye mdogo. "Kula, baba, utufungulie mlango," akamwambia. Samaki walikuwa na uchungu. Nilikula kidogo nikajaza tumbo kwa ugali. Salumu alikula samaki wake wote, maana alikuwa ameambiwa ana kazi.

Tuliumwa matumbo wote wawili. Langu lilitulia. Yeye alitapika mpaka akakosa cha kutapika, kisha akawaka joto, na Mama akambeba mgongoni hadi zahanati, ambako alipewa dawa ya homa, kwa kuwa msimu ule wa mvua watoto wengi walikuwa na homa. Alifariki kesho yake kabla ya adhuhuri. Wakaja watu, mkeka ukatandikwa, na kila mmoja akaja na sababu yake. Mjomba alisema siku zake zilikuwa zimefika. Mganga mmoja aliona jicho la hasidi, wanawake wakaanza kumtazama Bi Mwajuma kwa pembeni kwa vile alilisema pipa vibaya, naye akalia kuliko sisi. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Ilikuwa rahisi kwao kuuhamisha kutoka bega hili kwenda lile. Hakuna aliyekwenda nyuma ya jiko kutazama ndani ya pipa.

Mama alikwenda, baada ya arobaini. Alikusanya magogo ya mkoko, akalijaza pipa, akawasha moto ambao sijawahi kuuona nyumbani kwetu. Rangi iliwaka kwa moshi mweusi, ikabanduka kama magamba, chuma kikawa chekundu. Lilipopoa akalikwangua kwa kigae cha chupa na mchanga, kisha akaliwasha tena. Mikono yake ilikuwa inatoka damu. Nilimwomba apumzike. Bila kugeuka alisema, "Nilidhani ni chungu." Hajalisema tena neno hilo.

Tulirudi kubanika katika pipa lilelile, kwa kuwa tulihitaji kula. Mapipa yakazidi mtaani, na kila lilipoingia jipya Mama alifika bila kualikwa, kuni kichwani, akaliwasha mwenyewe, na samaki wa kwanza akawafukia. La kwanza lilikuwa la Bi Mwajuma.

Chuo kikuu nimejifunza kuuliza. Niliwahi kumuuliza mwalimu wa kemia kama rangi ile inaweza kumuua mtoto. Akasema inategemea rangi, inategemea mtoto, na huenda ilikuwa homa tu. Sijui, na sitajua. Bendera imebadilika, barabara ya Temeke imetiwa lami, na mapipa bado yanakuja na rangi zao ndani bila neno lolote lililoandikwa. Likizo iliyopita nilikuta vijana wauza nyama ya kuchoma wakichoma pipa jipya kwa moto mkali, na kipande cha kwanza cha nyama wamekifukia mchangani. Nikauliza kwa nini. "Ndiyo desturi, dada," akajibu mmoja. "Ya wazee wetu, tangu enzi." Mimi ambaye hubishana na kila desturi nikaenda zangu. Desturi hiyo ni changa kuliko mimi.

Nilipofika nyumbani nilimsimulia Mama. Siku hizi haoni zaidi ya kivuli. Akauliza kama waliliacha mpaka likawa jekundu.

Nikamwambia ndiyo.

"Haya," akasema, akaendelea kuchambua mchele kwa vidole.