Owuor Alichanjwa

Celine wa Makongeni alikuwa mtu wa kukagua kila kitu. Nyama ya Soko la Burma aliinusa mbele ya mwenye bucha bila haya, na mtoto wake akikohoa mara moja tu, tayari amemgusa paji la uso. Mwaka ule wa barakoa ndiye aliyemvuta mumewe, Owuor, hadi kwenye foleni ya chanjo ya korona, akamsukumia nyuma yake mama mkwe, Aoko, naye adungwe siku hiyo hiyo. Juma halijaisha Owuor akashikwa na homa, akapimwa akakutwa na korona. La pili halijaisha, wakamzika kwao Ugenya.

Miezi miwili ikapita. Wakoli, mhudumu wa afya ya jamii, akasimama karibu na bomba la maji kuhimiza watu waende kwa dozi ya pili. Akasema wote waliokufa kwa korona pale mtaani walikuwa hawajachanjwa. Wote. Celine akaiacha ndoo ikifurika.

Tangu siku hiyo hakupumua. Wengine walisema kumbe Owuor hakuchanjwa, kumbe mkewe alikuwa akiwadanganya. Waliokumbuka kumwona kwenye foleni wakasema sindano ndiyo iliyomuua na sasa ofisi ya afya inaficha. Hao wa pili ndio walioenda kuketi kwa Aoko wakimnywea chai. Aoko alikuwa na sukari na kifua kibovu, na korona ilikuwa imerudi mtaani kwa nguvu. Akatangaza kuwa haendi popote kudungwa tena.

"Nyar Alego," akamwambia Celine, maana wake wa kwao huitwa kwa jina la kule walikozaliwa, "mwanangu alichanjwa ama hakuchanjwa?"

"Alichanjwa, Mama. Ulikuwa nyuma yake."

"Basi kama wamemsingizia maiti, mimi mzima wataniambia ukweli gani?"

Celine akatoka bila kuaga. Akaenda kumtafuta Wakoli, akamkuta akipanga viti vya kliniki. Wakoli akamweleza polepole, kama anayemfundisha mtoto, kwamba chanjo huchukua kama majuma mawili kushika mwilini. Anayeugua kabla ya hapo, ofisi humhesabu pamoja na wasiochanjwa, kwa sababu kinga ilikuwa bado. Tena huenda Owuor alikuwa na ugonjwa tayari siku ile ya foleni.

"Mimi sikusema hakuchanjwa, mama," akamaliza. "Nilisema hajachanjwa."

"Hajachanjwa? Yuko kaburini, Wakoli. Mnamngojea achanjwe lini?"

Wakoli akataka kucheka, akamtazama usoni, akaacha. Celine akamwambia aweke viti chini wafuatane.

Aoko alimfanya ayarudie maelezo yote. Mwishowe akauliza, "Nikidungwa leo nife kesho, mtanihesabu wapi?"

"Hutakufa kesho, shosho."

"Sikukuuliza hilo."

Wakoli akajikuna shingo. "Utahesabiwa hujakamilisha."

"Na nimedungwa mara mbili?"

"Ndiyo. Ya pili itakuwa haijashika. Lakini ya kwanza imeshashika, na hiyo tayari inakusaidia."

"Huo ni wazimu wenu," akasema Aoko. "Lakini angalau wewe umenijibu nilichouliza." Akajifunga leso, akatangulia nje bila kungoja mtu.

Celine akabaki na Wakoli mlangoni. Furaha aliitafuta asiione. Alichokuwa nacho ni hasira tu, kwamba maneno machache hivi yalikuwepo muda wote na hakuna aliyeyasema. Akamwagiza Wakoli apite jioni nyumba kwa nyumba ayaseme, kwamba Owuor alichanjwa na kwa nini alihesabiwa vile, akianza na wale waliokuwa wakinywa chai ya Aoko.

Wakoli akalalamika kuwa nyumba za Makongeni ni nyingi.

"Basi anza mapema," akasema Celine, akamkimbilia mama mkwe wake kabla hajabadilisha nia.