Baraka Niliyoinyamazia

Nilikuwa bado mtoto mwaka ule, ingawa mwenyewe nilijiona mtu mzima kwa sababu nilivaa sketi ya kidato cha tano. Tangu darasa la kwanza pale kijijini kwetu Rhotia sikuwa nimezoea kushika nafasi ya pili. Kisha akaja Naserian, binti wa wafugaji kutoka Arash, na Kiswahili chake cha kukwaruza, tukakaa dawati moja kwenye somo la sosholojia.

Sosholojia ilikuwa ngeni kwetu sote. Mimi niliikariri, yeye aliiona nyumbani kwao. Mwalimu alipotuagiza tuandike kuhusu desturi moja, nilinakili maana ya desturi kitabuni, kurasa mbili safi. Naserian aliandika jinsi watu wa kwao wanavyomtemea mtoto mchanga mate kidogo ili kumbariki, maana kumsifu bila kufanya hivyo kunaweza kumletea jicho baya. Mwalimu aliisoma kazi yake mbele ya darasa, mstari kwa mstari.

"Hii ndiyo sosholojia," alisema.

Nilipiga makofi na wenzangu huku shingo ikiniwaka moto.

Likizo fupi ilipofika, Arash ilikuwa mbali mno kwa siku nne. Mama aliposikia kwamba mwenzangu atabaki bwenini peke yake, akaniambia nimlete nyumbani. Nilikuwa na sababu ya kukataa, lakini haikuwa ya kutamkwa mbele ya mama.

Naserian alipofika alimwinamishia Bibi kichwa, kama watoto wa Kimasai wanavyowaamkia wakubwa. Bibi akacheka kwa furaha, akamgusa utosini. Alasiri nzima walichambua maharage pamoja. Naserian aliuliza, Bibi akajibu: habari za njaa ya zamani, habari za mchumba wake wa kwanza, ambaye mimi sikuwahi hata kulisikia jina lake.

"Bibi, mbona mimi hujawahi kunieleza haya?"

"Hukuniuliza, mjukuu wangu."

Alisema kwa upole kabisa. Siku hiyo sikula.

Kesho yake wifi yangu, mke wa kaka, aliyekaa nyumba ya pili uani, alimleta mwanawe wa miezi miwili amwonyeshe mgeni. Naserian alimpakata. "Jamani, mzuri!" alisema, kisha akamtemea mate kidogo kwenye paji la uso, kama manyunyu tu. Wifi alimchukua mtoto wake haraka, akampangusa paji kwa kanga.

Asubuhi iliyofuata mtoto aliamka na homa. Alipumua kwa shida na kukataa ziwa. Naserian alikuwa ameenda bombani kuchota maji. Wifi akanigeukia analia.

"Wewe ndiye unayemjua. Kwa nini alimtemea mwanangu mate?"

Jibu nililijua. Nilikuwa nimelisikia darasani, na lilikuwa limeniuma vya kutosha kulikumbuka neno kwa neno. Ningetamka "baraka" tu, basi.

"Sijui, wifi," nilisema. "Labda ana jicho."

Naserian alikuwa ameshaingia uani, ndoo kichwani. Aliitua polepole, akanitazama mimi, si wifi. Alikunja nguo zake, akamuaga Bibi, akapanda bodaboda kurudi shuleni.

Mtoto alipelekwa kituo cha afya, akakutwa na nimonia, akatibiwa, akapona. Wifi aliamini amepona kwa sababu mgeni ameondoka. Bibi peke yake ndiye aliyeniita kando.

"Tangu juzi kuna mtu humu ndani ana kinyongo," alisema. "Na si yule aliyeondoka."

Muhula huo niliandika kazi yangu bora kuliko zote: jinsi watu wakipatwa na shida wanavyomtupia lawama mgeni. Safari hii mwalimu aliisoma ya kwangu, na nilikuwa nimeitamani sana siku hiyo. Naserian, aliyekuwa amehamia dawati la nyuma, akanyoosha mkono.

"Mwalimu, huyo mgeni, nani alimtaja kwanza?"

Darasa zima likanigeukia. "Watu," nilijibu, nikainamisha uso kwenye daftari.

Nilichukua zaidi ya mwaka kumwomba radhi. Ilikuwa stendi ya Karatu, tumemaliza mitihani ya kidato cha sita, basi lake limeshawashwa. Alinisikiliza hadi mwisho. "Nimesikia," alisema, akapanda. Jioni hiyo nilimweleza na wifi ukweli. Akasema, "Na mimi hata chai ya kuondokea sikumpa."

Leo ninafundisha somo hilohilo. Bibi alifariki akiamini kwamba jicho lipo. Vitabu vyangu vinasema ni imani tu, na ndivyo ninavyowaeleza wanafunzi. Lakini nakumbuka nilivyokuwa nikimtazama Naserian siku zile, na najua kilichompata, na mpaka leo sijapata neno jingine linaloyafaa macho yangu.