Sala ya Chakula cha Jioni

Tangu kampuni ya bima impunguze kazini, baba wa nyumba huamka saa ile ile ya kwenda ofisini, hunyoa ndevu, kisha hukaa sebuleni akisugua dole gumba lililozoea mihuri. Watoto wameambiwa yuko likizo. Simu ikilia, huipokea kwa sauti ya ofisini: "Kitengo cha madai, nikusaidie nini?" Juzi aliyepiga alikuwa dada wa mkewe. "Nadai sufuria yangu, shemeji!" akaangua kicheko. Yeye akampa mkewe simu.

Jana jioni mkewe alimwomba aombee chakula, jambo ambalo amekuwa akilikwepa. Akafumba macho, na maneno ya miaka yote yakatiririka yenyewe: "Bwana, wabariki wakubwa wangu, uilinde kampuni yetu..." Akakwama. Watoto wakachungulia. Mkewe alitaka kuitikia amina upesi amwokoe, lakini aliona midomo ya mumewe bado inacheza, akangoja huku chakula kikipoa.

"Uwabariki waliobaki," akasema hatimaye. "Na mimi, Bwana, wameniachisha. Sina kazi."

Amina ikatoka kwa watoto.