Rimu za kung'aa, breki kubwa, na jinsi nilivyomponza fundi Mabula wa Bariadi

Wakuu, salaam kwenu nyote.

Juzi kule jukwaa la magari kuna mwenzetu kauliza swali. Gari lake lina breki kubwa za kiwandani, anataka avue rimu namba 17 aweke namba 16 za kung'aa. Je, zitaingia?

Mkamjibu kwa furaha kabisa. "Zitaingia tu mkuu, zikigoma weka spesa."

Nilisoma nikaogopa. Sitanii. Nimekuwa msomaji wa kimya humu miaka mingi, leo nimejisajili kwa ajili ya uzi huu mmoja. Nitakachoandika ni kweli tupu, na mchafu humu ndani ni mimi. Kuna mtu nilimharibia jina lake kwa sababu ya rimu nne, na mpaka leo hajarudishiwa.

Twende taratibu.

Ilikuwa miaka ile soko la pamba limeshafunguliwa, kampuni binafsi zinagombania pamba Simiyu nzima kama mchezo. (Kipindi hicho mkoa wenyewe haukuwepo, tulikuwa bado Shinyanga, lakini mnanielewa.) Mimi nilikuwa wakala wa kampuni moja, nanunua pamba Kasoli na vijiji vya jirani. Kijana, mfuko umetuna, kichwa kimejaa upepo.

Nikaagiza gari kutoka Japani kupitia Dar. Saluni, turbo, imeshuka chini. Aina siitaji maana mtaanza ligi humu na uzi utapotea.

Mbele ilikuwa na kalipa za pistoni nne. Kwa wasiojua, kalipa ni kile chuma kinachobana diski ili gari lisimame. Zile za kwangu zilikuwa nene hasa, zimejaza rimu yote ya 17, ukichungulia kati ya spoku unaona chuma tu. Gari likikimbia sana linahitaji kusimama sana, ndiyo maana yake. Sikulielewa hilo. Mimi niliona rangi ya kijivu ya rimu haina mvuto.

Halafu barabara zetu zilikuwa za changarawe, na tairi la 17 ni jembamba, kila shimo nalisikia kwenye meno. Nikajipa akili: nishuke 16, niweke tairi nene, na rimu ziwe zile za kung'aa kama za wakala mwenzangu wa kampuni nyingine. Huyo jamaa alikuwa akipita stendi Bariadi watu wanageuka. Wivu tu wakuu, nisiwadanganye.

Sasa hapa ndipo ushamba wetu ulipoingia.

Marehemu mzee wangu alikuwa mchonga nira. Wakulima wa kuanzia Kasoli mpaka huko mbali walimletea kazi. Na hawakuleta ng'ombe, walileta kamba. Mtu anazungusha kamba shingoni mwa dume, anapiga fundo, anampa mtu aliye safarini amfikishie mzee. Mzee anachonga kwa kufuata fundo, na nira inakaa kama imezaliwa pale. Nimekua naona hilo, nikaamini kila kitu duniani kinapimika kwa kamba.

Basi nikavua tairi la mbele, nikapima kwa kamba toka katikati ya habu, kile kitovu kinachobeba tairi, mpaka ukingo wa juu wa kalipa. Nikapiga fundo. Nikampa kondakta wa basi la Mwanza pamoja na maelezo, apeleke kwa muuza rimu.

Yule muuzaji akapiga simu. Simu zenyewe kipindi hicho Bariadi zilishika kwa kuvizia, nilikuwa nimesimama juu ya kichuguu. Akaniambia fundo limepita ndani ya rimu ya 16 na nafasi inabaki. Nikaruka ruka peke yangu pale juu.

Wakuu, kamba haikudanganya. Urefu ulipita. Kilichogoma ni kina.

Rimu ina tumbo na ina uso. Tumbo ndilo nililolipima. Uso ni zile spoku, na spoku nyingine zinatoka nje, nyingine zinaingia ndani zinaifuata kalipa. Zangu ziliingia ndani. Mzee wangu kamba ilimtosha kwa sababu nira inakaa juu ya shingo na haizunguki. Tairi linazunguka, na kila spoku lazima ipite mbele ya kalipa bila kuigusa.

Nilipozifunga nyumbani, nikasukuma gari kwa mkono. Kwaa. Spoku imegota kwenye kalipa, tairi halizunguki hata robo.

Muuzaji kurudisha hataki. Na wiki iliyofuata nilikuwa na safari ya Lingeka.

Lingeka, kule Meatu, ndiko nilikokuwa naoa. Tulikuwa twende na baba mdogo Nkwabi, yeye ndiye msemaji wangu kwa wakwe, tukamalizie mazungumzo ya mahari. Nilishajiona nashuka kwenye lile gari, mayu mkwe, yaani mama yake binti, anachungulia, watoto wanajiangalia sura kwenye rimu. Kuliko kwenda na zile za kijivu bora nisingeenda kabisa. Ndivyo nilivyokuwa.

Mchongaji mmoja wa kwenye kiwanda cha kuchambua pamba akanitengenezea spesa kwa mashine yao, vipande viwili vya duara vya chuma vya kuweka kati ya habu na rimu ili rimu isogee nje. Nikazibeba mpaka kwa Mabula.

Mabula alikuwa fundi wangu pale mjini. Mtu wa makamo, maneno machache, mikono safi kuliko fundi yeyote niliyewahi kumwona. Kwao ni huko huko Lingeka, alikuwa na mji wake kule, mashamba, mifugo, mama yake. Mjini alikuja kwa kazi tu.

Akaziangalia zile spesa, akaingiza tairi, akaanza kufunga nati kwa vidole. Akaniita.

"Njoo uhesabu."

Nikahesabu. Nati inashika mizunguko minne, basi, stadi imeisha, ile skrubu ya habu inayobeba nati. Akavua, akarudisha rimu ya zamani bila spesa, akaniambia nihesabu tena. Ikashika zaidi ya mara mbili ya hapo.

"Spesa imekula stadi," akasema. "Naweza kukaza mpaka nilie, nati haina cha kushika. Na hii spesa haijashikwa na habu katikati. Tuagize stadi ndefu Mwanza, zije, ndiyo nifunge. Au rudisha rimu zako."

Nikamjibu maneno ambayo mpaka leo yananichoma. Nilimwambia yeye ni fundi wa matrekta, gari la kisasa halijui, na kama anaogopa aseme nipeleke kwa wenye akili. Mbele ya wateja wake. Mtu mzima, ana umri wa kaka zangu wakubwa.

Baba mdogo Nkwabi, tuliyekuwa naye, ndiye akamwomba kwa upole, wakiitana shemeji. Mabula akakubali kwa sharti: nizungukie mjini tu, taratibu, na stadi zikija keshokutwa nimrudishie gari. Akafunga. Alikaza zile nati kwa spana na bomba refu mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Halafu akanipa spana na mimi nijaribu kuzifungua. Haikusogea hata moja.

Hilo lishikeni. Nilijaribu kwa mkono wangu.

Kesho yake asubuhi nikaondoka kwenda Lingeka.

Baba mdogo aliuliza kama stadi zimefika. Nikamwambia Mabula kasema hakuna shida. Uongo wa kwanza huo.

Njia nzima usukani ulikuwa unatetemeka, nikajisemea ni changarawe. Tumebakiza kidogo kufika kwa wakwe, kuna mteremko unaingia korongoni, na ng'ombe wanavuka. Nikakanyaga breki. Breki kubwa wakuu, zinashika kweli kweli. Stadi hazikuweza. Tairi la kushoto mbele likachomoka na kutangulia, na gari likapiga ukingo wa korongo upande wa baba mdogo.

Paja lake lilivunjika. Sauti aliyotoa sijaisahau. Lile tairi na rimu yake ya kung'aa lilimgonga dume la kulimia la jirani wa wakwe zangu, likamvunja miguu ya mbele, ikabidi achinjwe pale pale. Mvua za kwanza zilikuwa zimeshanyesha, mwenye dume alikuwa anaanza kulima.

Watu wakajaa. Wakatafuta namna ya kumpeleka baba mdogo hospitali. Mkwe wangu akafika anahema, akanishika bega, akauliza kwa Kiswahili ili kila mtu asikie: imekuwaje?

Nilikuwa na sekunde moja tu. Binti yao alikuwa amesimama nyuma yake.

Nikasema, "Fundi hakukaza nati."

"Fundi gani?"

"Mabula."

Mnaona nilichofanya. Ningesema fundi wa Bariadi tu, ingeishia hewani. Nilimtaja jina, kijijini kwao.

Wazee wa kijiji wakamwita. Alikuja siku ya tatu, kapanda lori la pamba. Alikuja na nati mbili alizoziokota pale korongoni, akawaonyesha jinsi meno yalivyochanika. Akaeleza: nati iliyolegea inafunguka yenyewe inaanguka nzima, hii imevutwa ikachanika, maana yake ilikazwa. Mzee mmoja akaigeuza geuza mkononi, akamrudishia. Hawakujua wanaangalia nini.

Mabula akasema, "Huyu kijana anajua. Alihesabu mwenyewe. Muulizeni."

Wakaniuliza.

Nikasema mimi ni mtu wa pamba, mambo ya ufundi siyajui.

Baba mdogo angeweza kusema ukweli, lakini alikuwa kalazwa, na hata alipotoka hakulisema. Alinichagua mimi kwa sababu ni damu yake. Alitembelea gongo mpaka anakufa na hakuwahi tena kupanda gari langu.

Wakaamua Mabula atoe dume moja liliwe na kijiji, yaishe. Ni utaratibu wetu, ukitoa umekiri na umesamehewa. Alikuwa na ng'ombe wa kutosha, isingemuumiza. Akakataa. Alisema hatoi hata kuku kwa nati alizozikaza.

Wakamtenga.

Kwa wasiojua kutengwa kwetu: hakuna anayekuja kukuomba moto wala kukupa moto. Hualikwi kulima, na wewe ukialika hawaji. Ukisalimia, watu wanaangalia mifugo yao. Na Bariadi habari ilifika, si unajua mnadani maneno yanavyosafiri. "Usimpelekee yule, anasahau nati." Gereji ikakauka ndani ya msimu mmoja.

Mimi nilioa. Harusi ilikuwa nzuri.

Mwaka uliofuata mama yake Mabula akafariki. Kijiji hakikwenda. Kaburi alichimba yeye na shemeji zake wawili waliotoka mbali. Mimi siku hiyo nilikuwa Lingeka hiyo hiyo, nimeenda kusalimia ukweni, nakula wali na nyama. Nilisikia sauti za majembe kabisa. Sikuinuka.

Nilishindwa kuinuka wakuu. Sina kisingizio.

Baadaye akauza kila kitu akahama.

Miezi michache iliyopita nilimwambia mke wangu yote. Alikuwa anachambua mchele. Hakuinua uso, akaendelea kuchambua mpaka akamaliza, akaniambia niende nikamtafute.

Nilimpata upande wa Kahama. Mzee sasa, anatengeneza baiskeli na majembe ya kukokotwa na ng'ombe. Alinitambua kabla sijasema kitu. Akanipa kigoda, akanipa maji. Nikalia mbele yake, nikaomba msamaha kwa magoti.

Akaniacha nimalize. Akauliza, "Lingeka umeshawaambia?"

Nikasema bado, nimeanza na wewe.

"Basi hujaomba msamaha. Umekuja kunisalimia tu. Mimi nilishajua kwamba nilikaza."

Nikaenda Lingeka. Wazee wale waliokaa siku ile wamekufa wote isipokuwa mmoja, na huyo hasikii tena, alinishika mkono akidhani nimekuja kuuza mbegu. Waliobaki ni watoto na wajukuu zao. Hawajui korongo, hawajui rimu, hawajui hata mimi nilihusika. Wanachokijua ni msemo tu. Mtu akifanya kazi ya hovyo wanamwambia, "Umekaza kama Mabula." Niliwaeleza dukani pale, wakacheka, wakadhani ni hadithi ya mzee.

Kwa aliyeuliza kuhusu rimu: usipime kwa namba 16 au 17 tu, namba haikwambii kitu kuhusu spoku. Chukua boksi gumu, likate lifuate umbo la kalipa yako, urefu na kina, nenda nalo dukani, lizungushe ndani ya rimu mzunguko mzima. Likigusa popote, acha hiyo rimu hata kama inang'aa namna gani. Spesa bila stadi ndefu ni kaburi. Na fundi akikwambia hapana, mshukuru ulipe uende.

Mengine yote komentini mnavyotaka, mnitukane pia, nimestahili.

Ila ombi langu ni kwa yeyote humu mwenye asili ya Lingeka, au mwenye ndugu Meatu yote. Mkirudi nyumbani, mkimsikia mtu anasema ule msemo, mwambieni nati zilikazwa. Mimi ndiye niliyejaribu kuzifungua, nikashindwa.