Taarifa ya Habari ya Mama

Simu ile nilimnunulia baba mimi mwenyewe, hapa Tunduma, kwenye duka linalopakana na langu la vitenge. Nilitaka awe anawaona wajukuu wake bila kusubiri tupande kwenda kijijini kwetu Hasamba. Wajukuu aliwaona mara chache. Muda mwingi aliwatazama wachambuzi.

Baba ni mzee wa kanisa na mkulima wa kahawa. Zamani mvua ikinyesha alishukuru kwa mvua, isiponyesha akashukuru kwa jua la kuanikia. Lakini baada ya miezi michache ya kuwasikiliza wale watu wa mtandaoni wanaobeza kila kitu, alibadilika. Ukimwambia daraja limekamilika, anauliza nani kala. Ukimwambia kwaya ya vijana imealikwa Mlowo, anaguna na kusema tusubiri, tutasikia mengine. Asubuhi moja alinipigia akiniagiza nifunge duka upesi, kwa kuwa mpaka umefungwa na Tunduma inawaka moto. Wakati huo mbele yangu alikuwa amesimama mama mmoja wa Nakonde, upande wa Zambia, amevuka mpaka dakika chache tu zilizopita, ananibana nimpunguzie bei ya kitenge. Nikamweleza baba kwamba kinachowaka hapa ni jiko la muuza chipsi. Akasema, "Wanawaficha."

Mambo yalifika hadi kwenye ibada. Nilikuwa nimekwenda kuwasalimia wazazi, na ibada ya nyumba kwa nyumba ikaangukia kwetu. Mchungaji akamwomba baba atuongoze katika maombi ya kuliombea taifa. Baba akaanza vizuri, akamsifu Mungu kwa uumbaji, kisha akapotelea kwenye habari. Alimweleza Bwana kwamba viongozi ni wale wale, wafanyabiashara ni wezi, hata madaktari siku hizi hawaaminiki, na wachungaji nao, Bwana, unawajua kuliko tunavyowajua sisi. Nikafumbua jicho moja. Mchungaji alikuwa amefumbua yote mawili. Mama hakungoja amina. Aliinua wimbo wa pambio kwa sauti ya juu, tukaudaka sote kama watu waliotupiwa kamba mtoni.

Mchungaji alikunywa chai yake na kuaga kwa upole. Mama hakumgombeza mumewe. Hilo lilinitia wasiwasi zaidi.

Kesho yake, Jumapili, tulipokaa kula mchana, mama alikohoa, akanyoosha mgongo, akaanza kuzungumza kwa sauti ya puani, ile ile ya mchambuzi kipenzi cha baba.

Alitangaza kwamba mzee mmoja wa kanisa, ambaye jina lake linahifadhiwa, Alhamisi aliaga nyumbani akidai anakwenda kupogoa kahawa, lakini mashuhuda walimkuta amelala chini ya mti. Kwamba mzee huyo huyo alionekana akitoka nyumbani kwa mjane wa jirani akiwa amebeba kuku. Na kwamba leo asubuhi kanisani, sadaka ilipopita mbele yake, mkono wake uliingia mfukoni ukatoka mtupu. Wananchi wanajiuliza, alimalizia mama, je, huyu ndiye wa kutuombea?

Mimi nilikuwa nimeinamia sahani, mabega yakitikisika kwa kicheko. Baba aliweka tonge chini.

"Huo ni uzushi," alisema.

"Taja neno moja la uongo," mama akamjibu, sasa kwa sauti yake mwenyewe.

Baba akafikiri. Kulala chini ya mti alilala, baada ya kupogoa tangu alfajiri. Kuku alipewa kwa shukrani, alikuwa amemwezekea mjane yule paa la jiko. Sadaka alikuwa ameshaitoa katika ibada ya kwanza. Aliyaeleza yote hayo kwa uchungu, kama mtu aliyesimama kizimbani, kisha akasema, "Umesema kweli tupu, lakini umenichafua."

"Basi na hao unaowasikiliza kutwa wanawafanyia wengine hivyo hivyo," mama akasema. "Mahindi unayapepeta kabla ya kuyapeleka mashineni, mume wangu. Habari unazimeza na pumba zake, halafu unakwenda kumcheulia Mungu."

Baba alimaliza chakula, akatoka, na jioni alikwenda kwa mchungaji kwa miguu. Walichozungumza sikukijua. Ninachojua ni kwamba simu hakuitupa. Anasikiliza taarifa moja asubuhi, na akisikia mtu anasemwa vibaya, anamwombea kwanza kabla ya kumjadili na yeyote. Aliniambia kuwa tangu aanze hivyo habari zimepungua utamu sana. Ni vigumu kumcheka mtu uliyetoka kumwombea sasa hivi. Bado siku nyingine anauliza nani kala. Wakati mwingine kweli kuna aliyekula, na anasema hivyo bila kuguna.

Tatizo likabaki kwa mama. Alikuwa ameonja utangazaji. Nilipokwenda mara nyingine nilimkuta uani na majirani wamemzunguka, anawasomea kwa sauti ya puani taarifa za mbuzi wa shemeji yake na ndoa ya mwalimu wa kwaya, wanacheka hadi wanajifuta macho. Baba alikuwa amesimama mlangoni, mikono nyuma, anasikiliza kwa makini.

"Mama," akamwita taratibu, "hizo umezipepeta?"