Isale Lililoshuka na Mfongo

Sisi tuliokulia Mwika enzi zile mitumba ilipoanza kumiminika sokoni hatukuwa na bahari wala ziwa, lakini bandari tulikuwa nayo. Msicheke. Bandari yetu ilikuwa mfongo, ule mfereji ambao mababu waliuchimba kwa miti iliyochongwa ncha kabla Mjerumani hajafika, wakayatoa maji msituni na kuyapitisha kwenye migomba ya kila nyumba. Watoto wa Moshi mjini walijisifia stesheni ya reli na maghorofa ya Wahindi. Sisi tulikuwa na banio kule juu, mahali maji yalipokingwa kwa mawe na magome ya migomba. Tulikuwa na gogo kubwa lililochongwa kama hori, lililovusha maji juu ya korongo. Na chini tulikuwa na nduwa, bwawa lililojaa usiku na kufunguliwa asubuhi. Mgeni akija, huko ndiko tulikompeleka kutembea. Akishangaa gogo linavyovuja, tulimwambia ni uzee, avumilie.

Tukitoka shule tulikata magome ya mgomba, tukatengeneza mashua na kuzishindanisha. Watoto wa siku hizi hushindana kwenye simu wamejilaza kwenye kochi, halafu wanalalamika mgongo unauma. Sisi tulikimbia peku kando ya maji, tumbo limejaa kiburu cha ndizi na maharage, tukiteleza na kuchana sketi. Jioni mama aliniuliza, "Hiyo sketi ulikuwa umeipeleka vitani?"

Mashindano yaliishia kwenye mpaka wa Babu Mdogo, mdogo wake babu yangu, ambaye kihamba chake, shamba la urithi la migomba na kahawa, kilipakana na chetu kwa upande wa chini. Wazee hawa hawakuwa wakisemezana. Kiangazi kimoja Babu aliyafunga maji siku isiyo zamu yake ili kuokoa kahawa yake, na ya mdogo wake ikakauka. Tangu hapo hata kanisani walikaa pande mbili. Sasa ukingo wa nduwa ulikuwa umebomoka. Nduwa ilikuwa kwa Babu Mdogo, lakini ndiyo iliyomwagilia maharage ya nyumba zote mbili yaliyolimwa kule bondeni, na kuiziba kulihitaji watu wa nyumba zote mbili. Mvua zilikuwa zimekwisha na majani ya maharage yalianza kujikunja. Bibi alikuwa akizunguka uani akisema, "Hawa wazee watatulaza njaa kwa kiburi chao!"

Mimi shida yangu ilikuwa nyingine. Mashua yangu ilikuwa inashika mkia kila siku. Nikaamua kuiwekea tanga. Nikachuma jani refu la isale, ule mmea uliopandwa pale mpakani, nikalipiga fundo ili lisimame vizuri. Kwetu Wachagga, isale lenye fundo likipelekwa kwa mtu ni kuomba msamaha, na anayeletewa hawezi kukataa. Nilikuwa nalijua hilo kama nilivyozijua Amri Kumi, kwa kukariri tu. Mashua ikazipita nyingine zote, ikavuka mpaka na kupotelea migombani. Nilirukaruka kwa furaha.

Jioni hiyo Babu Mdogo akatokea uani kwetu. Alikuwa amevaa koti lake la kanisani, kibuyu cha mbege, pombe yetu ya ndizi, kwapani, na mkononi jani langu likichuruzika maji.

"Kaka, shikamoo," akasema. "Nimelipata."

Babu akalitazama jani, akatutazama watoto, kisha akanikazia macho mimi. Nilitamani ardhi inimeze. Angesema tu kwamba hakutuma kitu, mdogo wake angegeuka na koti lake, na asingerudi tena. Babu alikohoa, akakohoa tena.

"Marahaba," akasema. "Nilidhani limekwama njiani."

Bibi alikimbilia jikoni, mdomo kauziba kwa khanga. Kesho yake nyumba zote mbili zilikuwa kwenye nduwa, matope hadi magotini.

Miaka mingi baadaye, Babu akiwa ameshatangulia, nilimwuliza Babu Mdogo kama siku ile alidanganyika kweli. Alicheka mpaka akajishika mbavu.

"We mtoto, isale linapelekwa na mtu mzima, tena mkononi. Nani aliwahi kutuma msamaha ndani ya gome la mgomba? Nilijua ni michezo yenu. Ila nilikuwa nimemkumbuka kaka yangu."

Nililia palepale, mtu mzima mimi.

Leo mfongo umekauka, na kuna waliojenga uzio juu yake. Binamu zangu wawili, wajukuu wa wazee walewale, wamegombania mpaka. Mmoja amejitoa kwenye kundi la ukoo la simu, mwenzake akamfungia namba. Wanaishi Dar, mtaa mmoja. Krismasi ikifika wote wawili wanapanda kuja Mwika na magari yao mazuri, na wakikutana kwenye ile njia nyembamba, kila mmoja anapandisha kioo.