Bumala Hadi Malaba kwa Tangi Lisilofika Robo

Sababu ya safari ilikuwa mdomo wangu. Binti yetu Nekesa ameposwa na kijana wa Kiteso wa Malaba, na wazazi wake walipotualika kuona boma lao, nilitangaza mbele ya kanisa zima kwamba siku hiyo watakula ngege, samaki wa ziwani kutoka Osieko, nitakaowapeleka mwenyewe kwa gari yangu kabla ya saa sita. Mimi niliachia shule darasa la sita, nikaanza na mandazi kwa baiskeli. Leo nina duka la vyuma. Mnanijua: nikisema, nimesema.

Saa mbili asubuhi, Bumala. Samaki walifika kutoka ziwani, sanduku mbili, barafu juu na chini. Mke wangu alichungulia geji akauliza kama hatuweki mafuta. Sisi wa mpakani tunajaza upande ambao bei ni nzuri wiki hiyo, kwa hivyo gari huishi na tangi karibu tupu, ikingoja kuvuka. Wiki hiyo nafuu ilikuwa Uganda. Nikamwambia tutajaza tukifika Malaba, na kwamba sindano ya gari yangu hata ikilala, gari haisinzii.

Saa tatu na nusu, tulipoiacha Busia na foleni yake ya malori, gari ilikohoa kwenye kimlima, ikazima. Nikairudisha chini kwa tambarare, nikavua koti la suti na kubadilisha plagi zote nne, nikiwaeleza vijana wa boda boda kila hatua. Ikawaka mara moja. Walipiga makofi, na mimi sikuwakataza.

Saa nne na nusu, mlima wa karibu na Amukura. Ikazima tena. Tulirudi kinyumenyume mpaka sokoni, maji ya barafu yakidondoka barabarani. Pale kulikuwa na banda la mabati la kutengeneza magari, na fundi mwenyewe alikuwa mama mnene wa ovaroli, Mama Amoit. Nilimwambia plagi ni mpya, basi shida lazima ni umeme. Boneti hata hakuiangalia.

"Mzee, inazima ukipanda ama ukiteremka?"

"Nikipanda."

"Na ukirudi kwa tambarare?"

"Inawaka."

"Basi wacha plagi. Plagi haijui mlima."

Akaomba watu wanyamaze, akazungusha ufunguo bila kuwasha injini, akaweka sikio kwa kiti cha nyuma, maana tangi liko chini yake. Pampu iliguna vizuri. Kisha akawaita watu wa boda boda wasukume gari juu ya ukingo, pua ikitazama mawinguni, akasikiliza tena. Safari hii hata mimi niliisikia ikilia, kama mtu anayefyonza soda iliyoisha kwa mrija.

Alieleza kwamba bomba la gari hii linafyonza upande wa mbele wa tangi. Mafuta yakiwa kidogo, ukipanda yanakimbilia nyuma na pampu inavuta hewa. Tena pampu hupozwa na mafuta yanayoizunguka. Mimi nimeichoma miaka mingi kwa kungoja bei ya ng'ambo.

Kituo cha mafuta cha pale kilikuwa kimeishiwa, kinangoja lori. Saa tano ilikuwa inagonga. Mama Amoit akaitikisa gari, akasikiliza mafuta yanavyocheza tangini.

"Ya kufika Malaba iko. Kwa tambarare enda mbele. Kwa mlima, panda na rivasi, mafuta yaje mbele."

"Mimi? Na suti, kwenda kwa wakwe?"

Mke wangu akasema, "Baba Nekesa, chagua. Waone mgongo wako, ama wanuse samaki wako."

Basi tukapanda kinyumenyume. Boda boda wanne walitusindikiza wakipiga honi, akina mama wakaacha majembe kututazama, na mke wangu alicheka hadi kitambaa kikamtoka kichwani. Kicheko hicho kilinishika na mimi. Lakini niseme ukweli: kati ya Busia na Malaba hakuna anayenyoosha rivasi kama mimi.

Saa sita kasoro dakika kumi, Malaba. Boma la wakwe liko juu ya mwinuko, ningefanya nini? Wanawake waliokuwa wakiimba walinyamaza walipoona buti ya gari inaingia langoni kwanza. Mkwe wangu, mzee mrefu asiyecheka ovyo, alifungua buti, akamgusa ngege mmoja, barafu bado ipo. Akazunguka gari polepole mpaka kwenye dirisha langu.

"Wageni wengine hutuletea uso, zawadi tunangoja," alisema. "Wewe umetanguliza zawadi, uso umefuata. Huyu ni mkwe."

Nyimbo zikaanza upya. Nikamwambia ndivyo nilivyopanga tangu Bumala. Mke wangu alinitazama, akanihurumia, akaenda kujiunga na waimbaji.

Saa kumi, kurudi. Nilijaza tangi kituo cha kwanza, upande wetu, bila kuuliza bei. Milima yote tuliipanda uso mbele. Amukura nilimwachia Mama Amoit ngege wawili niliomfichia kwa barafu, naye akaniagiza nibadilishe pampu na nisishuke tena chini ya robo. Nilichojifunza ni hiki: gari ikizima, kabla ya kufungua boneti, angalia geji na uangalie mlima.

Juzi wakwe walipiga simu. Wanataka siku ya harusi gari la bibi harusi pia liingie kinyumenyume, kwa heshima. Nimekubali, na dereva ni mimi. Tangi litakuwa limejaa.